Ufa wa Seva Usingoje Masika



Ghala la karafuu huharibiwa na tundu dogo la paa. Aliyeliona wakati wa kiangazi akanyamaza, masika humfunza. Ndivyo ilivyo kwa seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kuwapa kurasa wanaozitaka. Seva huendeshwa na programu, na programu ni kazi ya binadamu, haikosi kasoro. Kasoro ikijulikana, watengenezaji hutoa kiraka cha kuiziba. Lakini kiraka kilichotolewa si kiraka kilichotiwa.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2001. Tarehe 18 Juni kampuni ya Microsoft ilitangaza tundu katika programu yake ya seva iitwayo IIS, ikatoa na kiraka chake. Wengi hawakukitia. Katikati ya Julai ukatokea mnyoo ulioitwa Code Red. Ulituma ombi refu kupita kiasi. Programu haikupima urefu wake, yaliyozidi yakamwagikia mahali pa amri, na kompyuta ikamtii mgeni. Kila iliyoshikwa ikaenda kutafuta nyingine. Tarehe 19 Julai, kwa muda usiotimia saa 14, zilishikwa kompyuta zaidi ya 359,000. Kiraka kilikuwa kimekwisha pata mwezi mzima.

Khasa tuzingatie hili: mnyoo ule ulikaa katika kumbukumbu ya muda tu. Aliyezima kompyuta akaiwasha tena aliuondoa. Lakini asipotia kiraka, uliweza kurudi kwa tundu lile lile. Mwezi wa Agosti ukaja mwingine, Code Red II, ulioacha mlango wa nyuma wazi. Hapo kiraka peke yake hakikutosha, maana mwizi alikwisha ingia ndani.

Wala kiraka cha kwanza si cha mwisho kila mara. Mwaka 2021 seva ya Apache, toleo la 2.4.49, ilionekana ina tundu. Tarehe 4 Oktoba likatolewa 2.4.50, nalo halikuziba sawasawa. Tarehe 7 likafuata 2.4.51.

Basi chama chenye tovuti kimwulize mtunzaji wake mambo matatu: Seva yetu inatumia programu gani, toleo la ngapi? Khabari za viraka unazipata wapi? Na cha mwisho ulikitia lini? Akikosa jibu la hilo la tatu, tujue ghala letu limelala wazi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.