Nje ya Mlango wa Thieta

Matatu za Kangemi, Nairobi, huanza kuteremka Waiyaki Way kabla hakujapambazuka. Abiria wengi wamesinzia, wanakwenda kazini. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa utamjua kwa bahasha. Ni bahasha kubwa ya kaki yenye picha za skani ya kichwa, na hata gari likijaa hadi mlangoni hakubali ikunjwe. Mjini atashuka na kubadilisha gari, kisha apande Upper Hill hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, mtoto akiwa amemlalia begani.

Kuipata bahasha hiyo kwenyewe ni safari ndefu. Kwa kawaida mtoto huanza kulalamikia kichwa asubuhi, hutapika mara moja au mbili, halafu saa nne anacheza kana kwamba hakuna kitu. Zahanati ya mtaani husema malaria. Ya pili husema homa ya matumbo, ya tatu hutoa dawa ya minyoo. Wiki zinapita. Mwalimu anaona mwandiko umeharibika. Nyumbani mtoto anaanza kupepesuka, anashika ukuta akienda choo, na jicho moja linageuka upande. Hapo ndipo mtu anapotaja skani.

Sababu kubwa ya hayo ni maji. Ubongo huelea katika maji yanayotengenezwa humo humo kichwani, karibu nusu lita kwa siku kwa mtu mzima, nayo huzunguka kisha yakanyonywa na damu. Kwa watoto, karibu nusu ya visa vya uvimbe wa ubongo hutokea nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili, jirani kabisa na njia nyembamba inayopitisha maji hayo. Uvimbe ukiibana njia, maji hurudi nyuma na shinikizo hupanda. Usiku, mtoto akiwa amelala, hupanda zaidi. Ndiyo maana alfajiri ndiyo saa mbaya, na akishatapika hupata nafuu. Kutapika asubuhi baada ya asubuhi bila kuharisha kunaelekeza macho kichwani, si tumboni.

Hili la kuchelewa si la Kenya peke yake. Uingereza, pamoja na mashine zake zote, iligundua kwamba watoto walikuwa wakikaa zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi uvimbe kujulikana. Mwaka 2011 ikaanzishwa kampeni ya HeadSmart, ambayo kiini chake kilikuwa kadi ndogo ya dalili kwa wazazi, walimu na madaktari. Baada ya muda, kusubiri huko kulishuka chini ya wiki 7. Kadi! Kila mama Mkenya hubeba kijitabu cha kliniki ya mtoto, na ukurasa mmoja ndani yake ungetosha kwa dalili hizo tano au sita. Mashine ya skani ni ghali, lakini ukurasa si ghali, na mtu wa kwanza kuuona ugonjwa huu karibu kila mara ni yule anayefua shuka zilizotapikiwa.

Skani ikishasema uvimbe, jambo la kwanza kwa daktari mara nyingi ni kuyapunguza yale maji. Mtoto huwekewa mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, au hutobolewa njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera ndogo. Njia hiyo ya kamera ilipata sifa kubwa Mbale, Uganda, ambako Dkt. Benjamin Warf aliiboresha kwa ajili ya watoto wachanga wenye vichwa vikubwa, kwa kuwa mrija huziba na mama wa kijijini yuko mbali na hospitali. Kwa upande wa magharibi wa Nairobi pia kuna Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, hospitali ya misheni iliyojijengea jina katika upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto. Wakazi wa Uthiru na Kinoo wengine hupanda magari ya kwenda huko badala ya kuteremka mjini.

Kisha jamaa wanaarifiwa, na hofu inayotangulia ni ya kisu. Shosho atauliza kwa nini mtoto asiombewe kwanza. Mjomba atasema kichwa kikishafunguliwa mtu harudi alivyokuwa. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa upole, na jibu mojawapo liko Kisii. Huko, mafundi waitwao ababari walikuwa wakikwangua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari walioandika habari zao katika karne ya 20 walikuta wagonjwa wakiwa hai na fuvu lililopona, wengine wakiwa wamefunguliwa zaidi ya mara moja. Ababari waliishia kwenye utando unaofunika ubongo, wala hawakugusa uvimbe. Lakini fuvu kufunguliwa na mtu akaishi si habari ngeni katika nchi hii.

Hofu nyingine ni ya karibu zaidi. Mapema mwaka 2018 Wakenya walishtuka kusikia kwamba katika hospitali moja kubwa kichwa cha mgonjwa kilifunguliwa kimakosa, kwa kuwa utambulisho wa wagonjwa wawili ulichanganywa. Tangu hapo mzazi huusoma utepe wa mkononi kama anayesoma barua ya mirathi. Ni utepe mwembamba wa plastiki, umebanwa kwa kibanio kisichofunguka ila kwa mkasi, wenye jina la mtoto na nambari ya faili. Mtoto hulalamika unawasha. Mama huugeuza, akausoma, akauzungusha, akausoma tena. Sista akifika atauliza jina, tarehe ya kuzaliwa na upasuaji wenyewe ni upi, hata kama dakika kumi zilizopita aliuliza. Asichukiwe. Maswali ya namna hiyo yamo katika orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ambayo hupitiwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.

Mlangoni pa thieta mzazi hufika mwisho wake. Hurudishiwa soksi na fulana, akabaki nazo mkononi.

Ndani, mtoto hulazwa kifudifudi, nywele za nyuma zimenyolewa. Mfupa hutobolewa, utando hufunguliwa, na darubini husogezwa juu ya jeraha. Uvimbe hautoki mzima kama kokwa ya parachichi. Daktari huuvunja na kuufyonza kidogo kidogo kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, akipima kila mara aendelee au aache, kwa maana chini yake kuna shina la ubongo linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo. Saa nne hupita, pengine sita, pengine nane. Nje kwenye benchi, baba hupokea simu za watu wanaouliza kama mtoto ametoka, na chai aliyonunuliwa hupoa bila kuguswa.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wote wangepaswa kuambiwa kabla ya siku hiyo. Mtoto anaweza kuamka ICU, akamwita mama, akaomba maji, halafu siku ya pili au ya tatu akanyamaza kabisa. Humtazama mama lakini hasemi neno, pengine hulia tu. Hali hiyo humpata karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliotolewa uvimbe uitwao meduloblastoma. Kimya hicho huweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi, kisha sauti hurudi polepole, mara nyingi ikiwa nzito na ya kuvutwa. Mzazi aliyeandaliwa huumia, lakini hukaa kitandani akiimba na kusubiri. Asiyeandaliwa hudhani mwanawe ameharibiwa.

Wakati huo vipande vya uvimbe viko maabara, na jibu la huko ndilo linalogawa njia. Ikiwa ni uvimbe wa daraja la chini uitwao astrositoma, na umetoka wote, upasuaji peke yake huenda ukatosha, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huwa hai miaka 10 baadaye. Ikiwa ni meduloblastoma, kuna mionzi ya kichwa na uti wa mgongo, siku tano kwa wiki kwa wiki sita hivi, kisha kemo. Mtoto chini ya miaka mitatu huepushwa na mionzi kadiri inavyowezekana, maana ubongo wake bado unakua.

Hapo ndipo pesa huingia. Mwaka 2015 mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za Emmanuel Otieno, kijana wa chuo kikuu aliyeitwa Jadudi, mwenye uvimbe wa ubongo. Wakenya waliombwa shilingi milioni 1 apelekwe India. Kwa siku chache walitoa zaidi ya milioni 5. Alipasuliwa Chennai, na baadaye alifariki. Familia nyingi za mtaa wa Kawangware hazina mwandishi. Zina kundi la WhatsApp, kamati ya mchango na bima ya taifa ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Sehemu ya pengo lililobaki huzibwa na mashirika kama Faraja, lililoanzishwa Nairobi kuwashika mkono wagonjwa wa saratani. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani wapone. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30.

Baadaye mtoto hurudi shule, kovu limefunikwa na nywele, na skani hurudiwa kila baada ya miezi michache. Bahasha za kaki huongezeka juu ya kabati. Na katika nyumba nyingi, kwa miaka, kuna mzazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akasimama mlangoni pa chumba cha mtoto gizani, akisikiliza.