Anayemwamulia Mtoto Naye Aangaliwe

Askari wa doria anapomkuta mtoto wa miaka tisa amelala nyuma ya maduka ya Nyabugogo, mjini Kigali, kazi yake ya kwanza ni nyepesi: kumwondoa mahali pa hatari. Swali gumu hufuata baadaye. Mtoto huyo alale wapi usiku huo, na kwa uamuzi wa nani?

Nchini Rwanda swali hili lina historia nzito. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha maelfu kwa maelfu ya watoto bila wazazi, na vituo vya yatima vikaongezeka. Hesabu iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha watoto na vijana 3,323 wakiishi katika vituo 33. Mwaka huohuo Serikali ilikubali kwamba watoto hao warudishwe katika familia, na mwaka 2013 ukaanza mpango wa Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee ndani ya familia. Humo ndimo walimotoka Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila kitongoji, jumla yao 29,674, wanaofanya kazi bila mshahara.

Watu hawa si mahakimu, wala hawana mamlaka ya kumpokonya mzazi mtoto wake. Hata hivyo neno lao lina uzito. Wao ndio wanaoingia nyumbani, kusikiliza ugomvi, na kushauri kama mtoto abaki kwa mama wa kambo, apelekwe kwa shangazi, au atafutiwe walezi wengine. Kwa mtoto, ushauri huo ni sawa na hukumu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye kujitolea ni jirani. Pengine ni ndugu wa baba, pengine ana deni kwa mama. Aweza, bila nia mbaya, kumwuliza mtoto mbele ya mtu yuleyule aliyempiga, na mtoto akajibu kwamba hakuna tatizo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kuulizwa mbele ya aliyempiga si kusikilizwa.

Nchi ya Uskoti, ambako tangu mwaka 1971 mabaraza ya raia watatu wa kawaida yamekuwa yakiamua mambo ya watoto, iliona mapema kwamba nia njema haitoshi. Basi wakawekwa watu wengine wa kujitolea ambao hawaamui lolote, bali hutazama. Mtazamaji huketi kando, hasemi neno kikao kikiendelea. Baadaye, faraghani, humwuliza mjumbe: Mbona mtoto ulimkatiza? Sababu ya uamuzi ulimweleza kwa maneno anayoyaelewa? Sajini mzoefu anayefuatana na konstebo mpya katika zamu zake za kwanza hufanya kazi ya namna hiyo, ingawa sajini ana amri na mtazamaji hana.

Nchini Rwanda kazi ya kuwafunza na kuwaongoza marafiki wa familia ilikabidhiwa mwanzoni kwa wataalamu 68 wa saikolojia na ustawi wa jamii. Ukigawanya, kila mtaalamu alipata watu zaidi ya 430. Hakuna kamanda atakayedai kwamba anawajua askari 430 waliotawanyika vilimani. Kwa hiyo njia iliyo dhahiri ni wale wazoefu wawaangalie wenzao, tena watoke kitongoji kingine ili undugu usiingie. Mstaafu wa jeshi au polisi angefaa sana, mradi aende bila sare na aiache nyumbani sauti ya paredi.

Liko jambo moja ambalo mtazamaji hapaswi kulinyamazia. Akiona kosa la jinai, kama vile mtoto kunajisiwa, likisuluhishwa kwa fedha au mbuzi, asingoje kikao kiishe. Hilo ni la wapelelezi na la kituo cha Isange. Kituo cha kwanza cha jina hilo kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, ili mtoto apate daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Dawa ya kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72. Wazee wakisuluhisha kwa siku nne, muda wake umekwisha kupita.