Keria tupu inapovuma

Keria tupu juu ya gari mara nyingi hupiga kelele zaidi kuliko ile iliyofungwa godoro na mabegi. Mwenye gari akichoshwa nayo humwendea fundi, na fundi hukaza bolti au huviringisha mpira wa tyubu kwenye bomba la mbele. Akirudi barabara kuu, mvumo upo palepale. Wote wawili wamedhani kwamba kelele ni upepo unaoligonga bomba. Kwa kweli inazaliwa upande wa pili, nyuma ya bomba, mahali ambapo hewa imeshapita.

Hewa inayokutana na bomba hugawanyika, nyingine ikapita juu na nyingine chini, lakini haiwezi kukutana tena kwa utulivu. Hujikunja na kufanya kisulisuli kidogo upande wa juu, kikabanduka, kisha kingine upande wa chini, kikabanduka, kwa zamu zisizokosea. Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alieleza mpangilio wa safu hizo mbili za visulisuli mwaka 1911, alipokuwa Göttingen, Ujerumani. Kila kinachobanduka hulivuta bomba kidogo upande wake. Mvuto huo wa juu na chini ndio unaofika sikioni kama mvumo.

Miaka zaidi ya 30 kabla yake, mwaka 1878, mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal alikuwa ameshapata hesabu yenyewe kwa kuzungusha nyaya hewani na kusikiliza. Aligundua kwamba kimo cha sauti hakitegemei waya umekazwa kiasi gani. Kinategemea mwendo na unene tu. Chukua mwendo wa hewa kwa mita kwa sekunde, gawanya kwa unene wa bomba kwa mita, kisha zidisha kwa 0.2. Bomba la mviringo la milimita 30, gari likienda kilomita 100 kwa saa, hutoa mitetemo kama 185 kwa sekunde. Kwa bomba la mraba, ambalo ndilo wachomeleaji wetu wengi hulitumia, tumia 0.13 badala ya 0.2.

Hapo utaona kwa nini mpira wa tyubu haukusaidia. Uliozungushwa vizuri, bila mapengo, umeongeza unene wa bomba tu. Mvumo umeshuka ukawa mzito zaidi, lakini haujaondoka.

Hesabu hiyo inaeleza pia kituko ambacho madereva hukijua bila kukipa sababu: gari liko kimya kwenye 85, linanguruma kwenye 95, likifika 105 linatulia. Kila bomba lina mtetemo wake wa asili, kulingana na urefu, uzito na jinsi lilivyofungwa. Zamu za visulisuli zikilingana na mtetemo huo, bomba zima hutikisika, na miguu ya keria huupeleka mtikisiko kwenye bati la paa juu ya vichwa vya abiria. Kwa shida hii kukaza bolti kunaweza kufaa, na pedi za mpira chini ya miguu hufaa zaidi.

Mwendo wenyewe una adhabu kali. Nguvu ya sauti ya aina hii hupanda takriban kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara sita. Ukitoka 80 hadi 110, nguvu hiyo huwa karibu mara saba. Sikio haliisikii kuwa mara saba, lakini mazungumzo ndani ya gari hayaendelei bila kupaza sauti.

Dawa basi ni kuharibu zamu. Katika miaka ya 1950, Christopher Scruton wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza alishughulikia dohani ndefu za chuma zilizoyumbishwa na upepo kwa sababu hiihii, akazizungushia mapezi ya chuma yanayopanda kama skrubu. Visulisuli havikuweza tena kubanduka kwa pamoja urefu wote. Tazama antena ya gari lako: nyingi zina uzi mwembamba ulioizunguka kwa mtindo huo, na haukuwekwa kwa urembo.

Kwenye keria tumia kamba. Kwa bomba la milimita 30, kamba ya milimita 4 au 5 inatosha, izungushwe kwa mshazari ikiacha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya mzunguko na mzunguko. Usiibane mizunguko ikagusana, maana utakuwa umerudi kwenye mpira wa tyubu. Anza na bomba la mbele, kwa kuwa ndilo linalopokea hewa iliyopandishwa na kioo kwa kasi. Kamba haipunguzi matumizi ya mafuta. Hata huongeza ukinzani kidogo. Anayetaka kimya na kuokoa mafuta pamoja anunue mabomba yenye umbo la bawa, na ahakikishe upande mnene umetazama mbele. Nimeyaona mengi yamefungwa kinyume.

Mluzi ni jambo jingine. Mvumo hupanda polepole kadiri unavyoongeza mwendo, lakini mluzi mwembamba hung'ang'ania sauti ileile kwa muda, kisha hukatika au huruka. Huo unatoka kwenye uwazi: ncha ya bomba isiyozibwa, tundu la bolti ambayo haipo, au mfereji wa kufungia vifaa uliokosa mpira wake. Hewa ikipita juu ya uwazi huo hufanya kazi ileile ya mtoto anayepuliza mdomo wa chupa. Ziba kila tundu kwa selotepu, moja baada ya jingine, ukijaribu barabarani kila mara. Ukilipata, tafuta kizibo cha kudumu.

Keria ndefu za magari ya safari zina mabomba mengi, na la nyuma hukaa ndani ya hewa iliyokwisha kuvurugwa na la mbele. Huko ubao wa mshazari mbele ya keria, wenye ukingo wa mpira unaogusa paa, huipandisha hewa ipite juu ya yote. Ukiachiwa mwanya chini, hewa itapita humo na kuanza wimbo wake.

Mikanda bapa ya kufungia mizigo nayo huvuma, wakati mwingine kuliko chuma. Unapofunga mkanda, usokote mara moja au mbili kabla ya kuukaza, na ncha inayobaki uifunge isipigepige bati. Kamba uliyoizungusha kwenye bomba ikague baada ya mvua, kwani ile ya katani ikilowa na kukauka hulegea.