Papa wawili wa kilindini, jina moja kwa miaka 125

Mwaka 1884 mtaalamu wa samaki wa Marekani, Samuel Garman, alimweleza papa wa ajabu aliyetoka ghuba ya Sagami, Japani. Baadaye papa wa sura hiyo wakanaswa Norway, Ureno, New Zealand, Chile na hata kusini mwa Afrika. Wote wakaandikwa kwa jina moja: Chlamydoselachus anguineus.

Kuwachanganya ilikuwa rahisi. Mwili ni mrefu na mwembamba kama wa mkunga. Mdomo uko mbele kabisa, si chini ya kichwa kama wa papa wengi. Ndani yake mna meno yapatayo 300, kila moja lina ncha tatu zilizoelekea nyuma. Ngisi akishanaswa humo, hatoki. Kila upande wa shingo una mipasuko sita ya matamvua yenye marinda, na ule wa kwanza umezunguka hadi kooni.

Mwaka 2009 wataalamu wa papa David Ebert na Leonard Compagno walithibitisha kwamba papa wa maji ya kusini mwa Angola na Namibia ni aina nyingine, wakamwita Chlamydoselachus africana. Tofauti zilijitokeza walipopima na kupasua. Papa huyu ana kichwa kirefu zaidi na mipasuko mifupi zaidi. Pingili zake za uti wa mgongo ni 147, za mwenzake ni 160 hadi 171. Utumbo wake una mizunguko 35 hadi 49, wa mwenzake 26 hadi 28. Tena ni mdogo: mwenzake hufika mita 2, yeye anajulikana kufikia mita 1.2 hivi.

Tofauti hizo si za makabati ya makumbusho tu. Utafiti wa Japani ulikadiria kwamba yule wa kwanza, C. anguineus, hubeba mimba miaka mitatu na nusu au zaidi, muda mrefu kupindukia. Samaki azaaye polepole hivyo hastahimili nyavu za kukokota zinazopita kilindini. Papa aliyeenea bahari nyingi akipungua mahali pamoja, kwingine bado yupo. Wa Afrika anajulikana katika ukanda mmoja tu; akiisha hapo, ameisha.

Kwa hiyo waangalizi wa uvuvi wanaopanda meli za Namibia na Angola wafundishwe kumtambua, wampime na kumwandika kwa jina lake. Hatuwezi kumlinda samaki tunayemhesabu ndani ya hesabu ya mwingine.