Wakati Baba Hawezi Kupuliza Saksofoni Tena



Ukileta mutoto hapa ku kipimo, tunatazama kilo zake na tunatazama karti yake. Lakini mutoto haishi peke yake. Anaishi mu nyumba, na mu nyumba kuna baba. Baba akigonjwa, kilo za mutoto zinashuka vilevile. Kwa hiyo leo tutazungumuza juu ya baba mwenye kazi ya kupuliza.

Tutoe mufano. Baba huyu anapiga saksofoni mu orkestra. Anapiga ku ndoa, anapiga ku matanga, na siku ya Mungu anapiga mu fanfari ya kanisa. Feza yake ndiyo inanunua unga na sabuni, ndiyo inalipa masomo. Sasa ni miezi miwili anakohoa. Anasema: « Ni baridi ya usiku tu. » Usiku shuka linalowa jasho. Suruali yake imekuwa kubwa. Siku moja, katikati ya wimbo, pumzi inakatika. Anaondoa saksofoni ku kinywa, anapanguza midomo, na damu kidogo iko ku kitambaa. Anaficha kitambaa. Bibi yake anakiona wakati wa kufua.

Mama, kama ungekuwa bibi yule, ungefanya nini?

USINGOJE

Kikohozi chenye kupita majuma mawili si cha kungojea nyumbani. Kama kuna jasho la usiku, kukonda, homa ya mangaribi, ao damu mu makohozi, mupeleke bwana yako ku hospitali juma hili hili. Inawezekana ni kifua kikuu, chenye wengine wanaita tibi. Watapima makohozi yake na mikroskopi ao na mashini. Watapima na damu juu ya SIDA, kwa sababu magonjwa haya mawili yanapenda kutembea pamoja. Mukubali.

Kuna watu wenye kusema: « Ni saksofoni ndiyo imepasua kifua chake. » Wengine wanasema ni ulozi wa mwenzake mwenye kumuonea wivu. Yote mawili si kweli. Kifua kikuu kinaletwa na mikrobe yenye kupita mu hewa wakati mugonjwa anakohoa, anaimba ao anasema kwa nguvu. Haipiti mu sahani, haipiti mu nguo. Musimutengee kikombe chake kama mbwa. Mufungue madirisha, hewa ipite, na yeye afunike kinywa akikohoa.

Baba anaogopa kuja. Anawaza: « Wakijua nina tibi, watanifukuza mu orkestra. » Hofu hii inaweza kuua mutu. Umwambie hivi: dawa ya kifua kikuu mu inchi yetu ni ya bure. Na mutu mwenye kuimeza vizuri, kisha majuma machache hatari ya kuambukiza wengine inapunguka sana.

DAWA NI YA MIEZI SITA

Kwa kawaida dawa inachukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza anameza dawa 4 pamoja. Miezi 4 yenye kubakia anameza dawa 2. Mukojo utakuwa mwekundu kama maji ya machungwa. Usiogope, ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa manjano, ao akitapika kila siku, ao macho yasione vizuri, arudie upesi ku munganga.

Kisha miezi miwili baba atasikia nguvu. Atakula vizuri, atacheka. Atasema: « Nimepona, niache dawa. » Mama, hapa ndipo kazi yako inaanza! Mikrobe yenye kubakia itazoea dawa, na ugonjwa utarudia na ukali. Pombe pia haifai, kwa sababu pombe na dawa hizi vinaumiza maini.

NA WATOTO?

Mutoto mudogo anakamatwa upesi, na ugonjwa wake unaweza kuingia mpaka ku ubongo. Sindano ya BCG yenye anapata akizaliwa inamukinga na tibi kali ya namna hii, lakini haimukingi kabisa. Ulete watoto wote wa nyumba wapimwe. Wale wasiopita miaka 5, hata kama hawagonjwi, watapewa dawa ya kuzuia. Mutoto asilale kitanda kimoja na baba mu majuma ya kwanza. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha.

MBONA AMEPONA LAKINI HAWEZI KUPULIZA?

Miezi 6 imepita. Makohozi yamekuwa safi. Munganga amesema: umepona. Baba anakamata saksofoni yake, anapuliza mara mbili, anakaa chini, anahema. Anawaza wamemudanganya.

Hawakumudanganya. Mikrobe imekufa, lakini fasi zenye ilikula zimebakia na kovu. Uangalie ngozi yenye iliungua na moto: inapona, lakini haivutiki kama mbele. Pafu lenye kovu ni vilevile. Halijai hewa sawasawa, na sehemu yenye iliharibika haioti tena.

Saksofoni inaomba nini? Mupigaji anaweka meno ya juu ku kipulizio, anafunga midomo kuzunguka, na anasukuma pumzi kwa nguvu ya tumbo mpaka kile kipande chembamba cha tete kitetemeke. Afanye hivyo saa mbili, saa tatu, bila kupumuzika kwa raha. Tena chombo kinaning'inia ku shingo: alto inafika karibu kilo 2 na nusu, na tenoro inapita pale. Mutu wa mapafu mazima haisikii. Mutu wa mapafu yenye makovu anaisikia sana.

Si wote wanabakia hivyo. Wengine wanarudia kupuliza bila shida, zaidi wale wenye walikuja upesi ku hospitali. Ndiyo maana tunasema kila siku: njoo mbele ya damu. Na si tibi peke yake inaondoa mutu ku saksofoni. Kuna mwenye kupoteza meno ya mbele. Kuna mwenye uso ulipooza upande mumoja, midomo haifungi tena. Kuna mwenye ngiri, yenye kuvimba akisukuma pumzi. Meno yanaweza kutengenezwa, ngiri inapasuliwa, uso mara nyingi unarudia. Kwa hiyo mbele ya kusema « kazi imekwisha », muulize munganga.

MUSIUZE SAKSOFONI UPESI

Wakati wa dawa feza inakosekana. Jirani anakuja, anasema: « Niuzie ile saksofoni, bwana yako hana kazi nayo. » Anatoa feza kidogo. Mama, tunajua njaa. Lakini mungoje miezi 6 ikwishe, na munganga asikilize kifua. Kama atapiga tena, mutakuwa mumeuza shamba lenu. Kama hatapiga, kuna njia zingine. Munaweza kuikodisha kwa kijana wa orkestra, na kila juma alete kitu. Munaweza kuibadilisha na gita. Na baba anaweza kufundisha vijana kwa saksofoni hiyo hiyo, kwa sababu mwalimu hapulizi saa tatu. Kipulizio kisafishwe na maji na sabuni, na kila mwanafunzi awe na tete yake.

CHOMBO GANI KINAFAA?

Wengine watamwambia: « Kamata tarumbeta, ni ndogo. » Ni kosa. Tarumbeta inaomba nguvu ya pumzi kupita saksofoni. Filimbi nayo inakula hewa mingi. Atafute chombo chenye kupigwa na mikono.

Gita ni nzuri kwa wengi. Anakaa, hapulizi. Mu majuma ya kwanza ncha za vidole vya mukono wa kushoto zitauma, kisha ngozi itakuwa ngumu. Gita ya besi ina nyuzi 4 tu, lakini ni nzito, aipige akikaa. Kinanda kinafaa sana. Likembe ni nyepesi, na wazee wanaijua, wanaweza kumufundisha bila malipo. Akordeoni inapata hewa yake ku mikono, si ku mapafu, lakini uzito wake unabana kifua. Ngoma zinachokesha kama kazi ya shamba, azingojee mpaka nguvu irudie.

Aanze na dakika 15 asubui na dakika 15 mangaribi. Akihema, aache.

Kuna jambo moja lenye linavunja moyo wa wapiga saksofoni, na wamama hawalijui. Ku saksofoni ya alto, mutu akisoma « do », sauti yenye kutoka ni mi bemoli. Ku tenoro, akisoma « do », inatoka si bemoli. Lakini ku gita ao ku kinanda, do ni do. Basi baba anapiga wimbo wenye anajua miaka 20, na majina ya sauti hayapatani na wenzake. Anawaza kichwa chake kimeharibika. Hapana. Hajasahabu muziki. Ni majina ya sauti yamegeuka, kama mutu mwenye kuhamia muji mwengine na njia zina majina mengine. Sikio lake liko, nyimbo ziko, mwendo wa ngoma uko ndani yake. Anajifunza chombo kipya, lakini haanzi kama mutoto.

WENGINE WALIPITA HAPO

Manu Dibango wa Kameruni alikuja Léopoldville, Kinshasa ya leo, mu mwaka wa 1961, kupiga na African Jazz ya Joseph Kabasele. Dunia yote ilimujua juu ya saksofoni yake. Lakini alijua piano na vibrafoni pia, mpaka kufa kwake mu 2020. Hakuona haya kuwa na vyombo zaidi ya kimoja.

Mu Marekani, David Baker alikuwa anapuliza tromboni. Aksida ya gari iliumiza taya lake, akashindwa kuendelea. Akajifunza selo, chombo kikubwa cha nyuzi 4 chenye kushikwa katikati ya magoti. Alifundisha muziki ku Chuo Kikuu cha Indiana miaka mingi, akakufa mu 2016 akiheshimiwa.

Mwengine ni Rahsaan Roland Kirk, kipofu, mupiga saksofoni. Mu 1975 alipooza upande mumoja wa mwili. Yeye hakubadilisha chombo. Alitengenezewa saksofoni ya kupigwa na mukono mumoja, akaendelea mpaka kufa kwake mu 1977. Mama, unaona: njia ni mingi. Wa pafu atafute nyuzi, wa mukono atafute namna yake.

MANENO YA NYUMBANI

Mutu mwenye kupoteza chombo chake analia kama mwenye kupoteza ndugu, hata kama machozi hayaonekani. Atanyamaza. Atakasirikia watoto. Pengine atatafuta pombe. Usimwambie: « Wewe si mwanaume tena. » Usimwambie: « Ni muziki tu. » Mwambie: « Baba wa watoto, tulikungoja miezi 6 upone. Hata vidole hivi tutavingojea. »

Kila siku mutembee naye kidogo, leo mpaka ku kisima, kesho mbali kidogo. Afundishe kifua chake: avute hewa pole pole ku pua, kisha aitoe polepole sana ku midomo, kama mutu mwenye kupoza chai. Aache tumbako. Moshi wa makala na wa kuni usimufuate mu nyumba. Upike inje kama unaweza.

Na akianza kukohoa tena, ao kukonda, ao damu ikirudia, usiseme « ni kovu tu ». Arudie kupimwa makohozi.

TUKUMBUKE

1. Kikohozi cha majuma mawili: hospitali.
2. Dawa miezi 6, hata kama nguvu imerudia.
3. Watoto wote wapimwe, wadogo wapewe dawa ya kuzuia.
4. Saksofoni isiuzwe mbele ya munganga kusikiliza kifua.
5. Chombo kipya kiwe cha mikono, na kianze kidogo kidogo.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

Sababu gani baba anaficha kitambaa chenye damu? Ni nani mu kartiye yetu anakohoa na tunanyamaza? Kama bwana yako angepoteza kazi yake ya mikono ao ya pumzi, ni kazi gani ingine anaijua yenye hamujafikiria?

Mama, ukifika nyumbani leo, usimupe bwana yako karatasi hii tu. Mukae chini, musome pamoja. Na kama kuna kitambaa mu maji ya kufua, ukilete hapa kesho asubui, na yeye mwenyewe akufuate.