NetHack: Mchezo wa Ridhaa Uliotungwa kwa Herufi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ya kuigiza uhusika, yaani ile ambayo mchezaji huwa shujaa, mchawi au kuhani katika ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi na silaha za ajabu, ni michache iliyodumu kama NetHack, mchezo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1987 na ambao hadi leo huchezwa na kuboreshwa. Kinachoufanya ustahili kuchunguzwa ni kwamba haukutengenezwa na kampuni: ni kazi ya ridhaa, iliyofanywa na watu waliokuwa na masomo au ajira zao nyingine, wakautoa bure kwa yeyote aliyeutaka.

Chimbuko lake ni Rogue, mchezo ulioandikwa mnamo 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, ambao ulienea upesi katika kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani. Kwa kuwa programu chanzo ya Rogue, yaani maandishi ya lugha ya kompyuta yanayoueleza mchezo hatua kwa hatua, haikutolewa hadharani, Jay Fenlason na wenzake, waliokuwa wanafunzi wa sekondari katika jimbo la Massachusetts, waliandika upya mchezo unaofanana nao na kuuita Hack mnamo 1982. Andries Brouwer, mwanahisabati wa Amsterdam, aliupanua na kuusambaza kupitia Usenet, mtandao wa kupashana habari uliotangulia tovuti, na baada yake Mike Stephenson, Izchak Miller na Janet Walz wakakusanya marekebisho yaliyokuwa yametapakaa na kuyaunganisha kuwa mchezo mmoja, ambao jina lake lilitanguliziwa Net kwa sababu ushirikiano huo uliwezeshwa na mtandao.

Mtu anayeutazama kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa skrini imeharibika, kwa maana mchezo katika sura yake ya asili hauna picha yoyote. Alama ya @ ndiyo mchezaji, herufi d ni mbwa au mnyama wa jamii yake, D kubwa ni joka, mistari ya wima na ya mlalo ni kuta, na alama ya # ni ujia unaounganisha chumba na chumba. Mchezaji huchagua uhusika mmoja kati ya 13, wakiwamo samurai, mganga, mwanaakiolojia na hata mtalii, kisha hushuka ghorofa baada ya ghorofa chini ya ardhi akiitafuta Hirizi ya Yendor, ambayo akiipata hana budi kupanda nayo hadi juu na kuitoa sadaka kwa mungu wake. Hakuna kinachosogea mpaka mchezaji abonyeze kitufe, hivyo kinachopimwa ni tafakuri wala si wepesi wa vidole.

Ugumu wake umejengwa juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni nasibu: kila mchezo unapoanza, kompyuta huchora ramani mpya kwa kutumia namba za kubahatisha, na hugawa upya sura za vitu, kiasi kwamba dawa nyekundu iliyoponya majeraha katika mchezo wa jana yaweza kuwa dawa ya usingizi katika mchezo wa leo. Ya pili ni kwamba kifo hakina marejeo, kwa sababu mhusika akifa hakuna kumbukumbu iliyohifadhiwa ya kumrudisha, na mchezaji huanza upya kabisa. Kwa hiyo hujifunza kuchunguza kabla ya kutumia: hupeleka kitu asichokijua dukani ili bei anayotajiwa imdokezee ni cha aina gani, hujaribu fimbo ya uchawi kwa kuandika nayo sakafuni, na humwangalia mbwa wake, kwa kuwa mbwa husita kukanyaga kitu chenye laana. Huo ni utaratibu uleule wa sayansi, wa kuweka dhana, kuijaribu kwa gharama ndogo na kuacha matokeo yaamue.

Undani wa mchezo huu hudhihirika vizuri zaidi kwa mfano wa kokatrisi, kiumbe wa ngano za Ulaya aliye nusu jogoo na nusu nyoka. Anayemgusa kwa mkono mtupu hugeuka jiwe papo hapo, na mzoga wake una sumu hiyohiyo. Lakini mchezaji aliyevaa glovu aweza kuuokota na kuutumia kama silaha, akawageuza maadui kuwa sanamu, kisha akazivunja sanamu hizo na kuchukua mali iliyobaki ndani yake. Hata hivyo, akitumbukia shimoni akiwa ameushika, au akianguka ngazini kwa kuelemewa na mzigo, huuangukia mzoga huo na kuwa jiwe, na aliyepofuka akipapasa sakafu bila glovu mahali ulipolala mzoga huo hupatwa na yayo hayo.

Wingi huo wa matokeo hauhitaji kila tukio liandikwe peke yake. Katika programu chanzo yake, iliyoandikwa kwa lugha ya C, vitu na viumbe hupewa sifa, kama vile kuwa na sumu, kuwaka moto au kugeuza mtu jiwe, na kanuni huandikwa kuhusu sifa hizo, ili kitu kipya kinapoongezwa kiingie mara moja katika mahusiano na vile vilivyotangulia. Pamoja na kanuni hizo za jumla, watungaji waliongeza kwa mkono hali mahususi ambazo mchezaji mmoja kati ya wengi ndiye atakayekutana nazo, kazi ya subira ambayo kampuni inayokimbizana na tarehe ya mauzo ingeona vigumu kuigharamia.

Leseni ya NetHack humruhusu kila mtu kuunakili, kuusoma na kuubadilisha, mradi naye awape wengine haki hiyohiyo, na ruhusa hiyo ndiyo iliyouwezesha mchezo kuishi kuliko mashine zilizouzaa. Baada ya toleo la 3.4.3 la mwaka 2003, ulipita muda wa miaka 12 kabla ya toleo la 3.6.0 la mwaka 2015, lakini katika kipindi hicho chote wachezaji waliendelea kutunga matoleo yao. Ndani ya mchezo umehifadhiwa pia ukumbusho wa Izchak Miller, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1994, kwani muuza taa katika mji mdogo wa machimboni huitwa Izchak.

Mwaka 2020 watafiti wa Facebook waliugeuza mchezo huu kuwa uwanja wa kupimia akili mnemba, na katika mashindano ya mwaka 2021 programu zilizofuata kanuni zilizotungwa na binadamu zilizishinda kwa mbali zile zilizojifunza zenyewe kwa mitandao ya neva bandia, huku hakuna hata moja iliyoumaliza mchezo. Miaka mitano kabla ya hapo, akili mnemba ilikuwa imekwisha kumshinda Lee Sedol, bingwa mkubwa wa mchezo wa Go, wenye kanuni chache na ubao ulio wazi kwa wote wawili. NetHack ulidai zaidi, yaani mipango ya muda mrefu, tahadhari katika giza na ujuzi wa mambo mengi madogo.

Historia hii inathibitisha kwamba ubora wa programu hautegemei mtaji wala uzuri wa picha, bali fikra iliyo nyuma ya kanuni zake na uhuru wa wengine kuzisoma na kuziendeleza. Kijana anayejifunza kuandika programu kwa kompyuta ya bei nafuu hana sababu ya kungoja studio, mfadhili wala mchoraji: kazi kubwa yaweza kuanza kwa herufi zilizo kwenye kibodi yake, akaiweka hadharani, na wenzake wakaikamilisha.