Kijana Mwenye Virusi vya UKIMWI Huhitaji Dawa na Chakula

Kila mkulima wa Skimu ya Bura, na wa mashamba ya kando ya Mto Tana katika Garissa, anajua kuwa mbegu bora haizai bila maji. Ndivyo ilivyo kwa kijana anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI. Dawa huzuia virusi visizidi, lakini nyama, damu na mifupa hujengwa kwa chakula.

Tangu mwaka 2006 dawa hizi hutolewa bure katika hospitali za Serikali. Lakini kati ya miaka 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo. Mifugo ikafa na maziwa yakaadimika. Wakati kama huo wako vijana wanaoogopa kumeza dawa tumbo likiwa tupu, wakaiacha. Hii ni hatari kubwa. Dawa ikiachwa virusi huongezeka, na baadaye dawa ile ile huweza kushindwa navyo. Siku ya njaa, kijana asiache dawa kabla ya kumwuliza mganga.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtu mzima mwenye virusi, hata kama haumwi, aongeze chakula cha kutia nguvu kwa sehemu 1 katika 10. Na akiugua, sehemu 2 hata 3. Kijana naye bado anakua.

Basi yafaa kufanya hivi:

Kwanza, msimlishe anjera na chai tu. Ongezeni kunde, mayai au nyama, pamoja na mchicha, embe na papai.

Pili, maziwa ya ngamia, ng'ombe au mbuzi yachemshwe kabla ya kunywewa.

Tatu, chai ingoje kama saa moja baada ya chakula, maana hupunguza madini ya chuma yanayoongeza damu.

Nne, asimeze vidonge vya madini bila shauri la mganga, kwa kuwa vingine hudhoofisha dawa.

Tano, kabla ya mwezi wa Ramadhani amwulize mganga kuhusu kufunga na saa ya kumeza dawa.

Sita, apimwe uzito kila aendapo kliniki.

Liko jambo moja zaidi. Katika Kaskazini Mashariki wenye virusi hivi ni wachache kuliko sehemu nyingine za Kenya, na kwa hiyo kijana hujiona yu peke yake. Nyumba nyingine humtengea sahani yake. Jambo hili halina maana, kwa kuwa virusi haviambukizwi kwa kula pamoja. Na ale katika sinia moja na ndugu zake.

Ndugu mkulima, siku ya mavuno usiuze yote. Weka kwanza akiba ya nyumba yako, ili kijana wako apate nguvu ya kusoma na kushika jembe.